Uwanja Nyuma ya Jiko la Brigita

Rutamba, Jumapili, 6 Oktoba 2024

Kwako Brigita,

Nimeanza daftari hili kwa sababu asubuhi Saida alinikuta nikizungumza jikoni mwako. Alikuwa ameniletea vitumbua. Akasimama mlangoni, akaangalia huku na huku.

"Shikamoo, baba Jeni. Una mgeni?"

Nikamjibu marahaba, sina mgeni.

"Basi mafiga hayo yana bahati. Wengine waume zetu hawazungumzi hata na sisi."

Tulicheka, lakini niliona haya. Nimeona afadhali niandike. Kuandika hakusikiki mpaka kwa jirani.

Miezi minane sasa tangu tukuzike. Jiko lako liko vilevile. Sufuria ndogo ya uji iko kifudifudi kama ulivyoiacha, na filimbi yako bado imo kwenye kopo la majani ya chai. Mimi napikia barazani, kwenye mkaa.

Leo baada ya misa nimelikumbuka tena lile uliloniambia wiki ile ya mwisho. "Uwanja, Boni. Usiwaache wanangu wacheze barabarani." Nilikujibu ndiyo kwa sababu mgonjwa hujibiwa ndiyo. Sasa hiyo ndiyo yangu inanisumbua. Hao wanao, Saida na wenzake, ni wanawake kumi na wawili, na wawili kati yao wana wajukuu, lakini wewe ulikuwa unawaita hivyo. Uwanja wa kijiji ni wa vijana wa soka. Wanao wanacheza mpira wa pete kando ya barabara ya vumbi, na mwezi wa nane pikipiki ilimgonga Samia mguuni. Bado anachechemea.

Nitaujenga nyuma ya nyumba. Lazima uishe kabla ya mvua za Desemba, kwa kuwa sakafu ya udongo isiyokauka ikipigwa na mvua inakwenda yote. Na wakitawanyika msimu huu, Saida anasema, hawatakusanyika tena.

Jumatano, 9 Oktoba

Korosho zimeanza kudondoka. Nimeokota nusu siku. Mgongo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo tumepima. Saida alikuja na kikaratasi: mita thelathini na nusu kwa mita kumi na tano na robo. Mimi sina kamba ya vipimo. Jirani yetu Alfani, ambaye ndiye atakayechomelea pete, akacheka.

"Ekari nzima tunaipima kwa hatua, sabini kwa sabini. Kiwanja cha wanawake ndicho kitushinde?"

"Hatua za nani?" Saida akauliza. "Za baba Jeni? Tutacheza mpaka Lindi mjini."

Ulikuwa unaniambia natembea kama mtu anayevuka mtaro. Basi alipima Alfani. Kwa vipimo vyake, mkorosho mzee ulio nyuma ya jiko umeangukia katikati kabisa ya uwanja. Mwaka jana haukutoa hata debe. Tumekubaliana ukatwe.

Ruhusa ninayo. Mwezi uliopita nilimwomba kaka yako Erasmo, nje ya kanisa. Najua ardhi hii ni ya ukoo wenu. Nilikuja hapa kutoka Mitole na begi moja, nikakuoa, nikakaa kwenu kama desturi ya kwenu ilivyo, na kwa miaka thelathini na moja sijachimba hata shimo la choo bila kumwambia. Alinijibu, "Nyuma pale? Fanya, shemeji." Hayo tu, akaondoka na baiskeli yake.

Jumanne, 15 Oktoba

Mkorosho umekatwa. Ulianguka upande wa mbali na jiko. Nilishukuru.

Jumatano, 16 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Erasmo alikuja saa nne asubuhi. Hakubisha hodi, alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nilimkuta amesimama juu ya vibanzi vya mti, baiskeli ameiangusha chini. Nikamkaribisha kiti. Hakukitazama.

"Boniface." Hakuniita shemeji. "Nani kakupa mti?"

"Si nilikuomba, shemeji. Ulisema nifanye."

"Uliomba ardhi, nikakupa ardhi. Mti uliuomba lini?"

Hapo nikaelewa nilipokosea. Hapa kwenu mtu anaweza kuwa na ardhi na mwingine akawa na mti uliosimama juu yake. Hilo nalijua. Nimeona watu wakipelekana baraza la kijiji kwa ajili hiyo. Lakini mti ule uko hatua kumi kutoka mlango wa jiko lako, na wewe ndiye uliyekuwa ukiufagilia kila siku. Nilidhani ni wako, na kilicho chako nimezoea kukishika bila kuuliza.

Nikamwambia nitalipa. Akanitazama kama nimemtukana.

"Kitovu cha Brigita kiko pale. Mama alikifukia mwenyewe, akapanda korosho juu yake. Mimi nilishika jembe. Nilikuwa na miaka saba." Akanyoosha vidole vyake saba, kama anayemhesabia mtoto. "Tumemzika yeye mwezi wa pili. Wewe mwezi wa kumi umemkata."

"Sikujua, kaka."

"Miaka thelathini ulikuwa unalala naye. Hukujua?"

Akaniambia nisimamishe kazi mpaka ukoo ukae. Nikamuuliza utakaa lini. Akasema watu wote wako kwenye korosho, utakaa korosho zikiisha. Halafu akaokota baiskeli. Alipofika kwenye kona ya nyumba akageuka.

"Na siku ukoo ukikaa, tutazungumza pia kwamba aliyekuwa mwenyeji hapa ni dada yangu."

Korosho huisha mvua zikianza, Brigita. Hiyo maana yake hakuna uwanja. Na huenda hakuna nyumba.

Mbona hukuniambia? Ulinieleza mpaka jina la mbuzi wa bibi yako. Au uliniambia nami nilikuwa nasikiliza redio? Sasa nakumbuka kwamba kila asubuhi ulianza kufagia chini ya mti ule kwanza, ndipo ukaja mbele ya nyumba. Nilikutania kwamba wageni hawaingilii nyuma. Ulicheka tu, ukaendelea kufagia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hakuna kazi. Nimefagia kuzunguka kisiki.

Jumapili, 20 Oktoba

Misa. Erasmo alihama benchi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Wanawake walikuja jioni, sita kati yao, wakakaa kwenye gogo la mti kama kuku. Samia aliulizia habari za afya yangu mara tatu. Mwisho Saida akasema:

"Nikamwombe mimi? Babu yangu na babu yake ni watani. Akinikatalia nakwenda kumlilia msiba wake mbele ya nyumba yake, hai hivyohivyo, mpaka aone haya."

Nikamkataza. Si jambo la utani. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba Jeni, tulikuwa tunakuona umepoa. Tangu lile shoka ulikuwa umeanza kutembea haraka. Sasa umepoa tena."

Jumatatu, 28 Oktoba

Wingu lilikaa upande wa pwani tangu asubuhi, likaondoka. Nimeokota korosho. Nimekula viazi.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu wote. Nilikwenda kaburini. Nyasi zimeota, nimeng'oa. Nilitaka kukuomba radhi, nikakaa tu hadi jua likawa kali.

Jumapili, 3 Novemba

Kisiki kimechipua.

Machipukizi matatu, majani yake mekundu na laini kama masikio ya panya. Niliyaona nilipokuwa nafagia. Nilisimama na ufagio mkononi muda mrefu.

Nitakuandikia ukweli, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwandikia. Nilifikiria kuyavunja. Hakuna aliyeyaona. Kisiki kikifa kabla ukoo haujakaa, watasema la kufanyika limekwisha kufanyika, na huenda wataacha uwanja uendelee. Nilichuchumaa, nikashika chipukizi moja kwa vidole viwili. Lilikuwa na umande.

Nikaliacha. Sitaki kukukata mara mbili.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimekwenda kwa Erasmo kwa miguu. Nilimkuta anapindua korosho kwenye majamvi na mkewe Antonia. Antonia alinikaribisha uraka, pombe yake ya mabibo, nikapokea kwa adabu tu. Erasmo hakuinua kichwa.

"Mti umechipua," nikasema.

Mkono wake ukasimama. "Mti upi?"

"Wa Brigita."

Akaziacha korosho pale pale. Tulitembea mpaka hapa, yeye mbele mimi nyuma. Alipoona machipukizi alipiga magoti, mzee yule, akayahesabu kwa kidole bila kuyagusa. Halafu nikasikia anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Hata udogoni alikuwa hivi. Ukimwambia nyamaza, anaanza upya."

"Mpaka mwisho," nikasema. "Nesi alimwambia apumzike, akamwambia apumzike yeye."

Tukakaa kwenye gogo. Aliniuliza kwa nini nimemwita, maana ningeweza kukaa kimya. Nikamwambia hata kile nilichotaka kufanya jana. Alinitazama sana, halafu akatazama chini.

"Shemeji," akasema, "hili jambo la uwanja alikutuma yeye?"

"Alinituma."

"Basi halihitaji kikao. La nyumba litakaa kikao, hilo si langu peke yangu. Lakini uwanja sisimamishi. Mti usiguswe, na uwanja usogezwe."

Tukapima upya, hatua zake safari hii. Upande wa juu kuna mteremko. Upande wa kushoto kuna mpaka wa Alfani. Ukiuvuta uelekee nyumbani unatosha, unaacha mti nje ya mstari kwa hatua tatu. Lakini ukiuvuta hivyo, jiko lako linabaki ndani ya uwanja.

Erasmo aliona ninapotazama. Mimi nikasema nitafikiri.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefikiri.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekaa jikoni mwako. Kwenye ukuta, karibu na mlango, kuna alama ya kiganja chako ulipokandika mwaka ule binti yetu Jenipher alipopata kipaimara. Kidole kidogo kimepinda. Nimeweka mkono wangu juu yake. Wangu ni mkubwa, umeifunika yote.

Ijumaa, 8 Novemba

Manyunyu kidogo alfajiri. Saida amepita mara mbili mbele ya nyumba bila kuingia.

Jumapili, 10 Novemba

Nimempigia Jenipher simu huko Lindi. Nimemwambia habari ya jiko. Akasema anakuja Jumamosi, nisiguse kitu mpaka afike.

Jumamosi, 16 Novemba

Jenipher amekuja na basi la asubuhi. Nilijitayarisha kumbembeleza. Niliona nimwandalie maneno ya kumtuliza mtoto aliyefiwa na mama yake. Aliingia jikoni, akasimama katikati, akavuta pumzi, akakohoa.

"Baba, unajua mama alikuwa analichukia jiko hili?"

Nikamwambia hapana.

"Moshi. Macho yake yalikuwa mekundu kila jioni, wewe ukidhani ni usingizi. Kila mwaka alisema, korosho za mwaka huu baba yako atanijengea la matofali."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia. Ulikuwa unamjibu ndiyo."

Sikukasirika. Nilitoka nje nikakaa barazani. Jenipher alinifuata, akaniwekea mkono begani, akasema hakuja kunilaumu. Najua. Lakini ndiyo zangu, Brigita, sasa naziona zilivyojipanga.

Basi tukatoa vyombo. Jenipher alichukua sufuria ya uji. Mimi nikachukua filimbi. Alfani na Erasmo walipanda juu kutoa nyasi, kisha fito, kisha tukaanza kuta. Nilitaka kukiokoa kile kiganja chako. Nilikata kuzunguka kwa panga taratibu, kama mtu anayekata mkate, lakini nilipokiinua kikabomoka mikononi mwangu, kikawa udongo tu.

Alfani alikuwa anashika toroli. Akasubiri. Halafu akasema, "Weka humu, ndugu yangu. Udongo wa ukuta wa zamani ni mzuri, umekula moshi miaka mingi, haupasuki. Tutauchanganya na wa kichuguu."

Nikauweka kwenye toroli.

Jumanne, 19 Novemba

Kichuguu tumekichimba cha kule kwa Alfani. Toroli ishirini na mbili. Sihisi mikono.

Alhamisi, 21 Novemba

Toroli. Toroli. Toroli.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo wanawake wamekuja kushindilia. Kila mmoja na mchi wake wa kutwangia. Udongo ulikuwa umemwagiwa maji tangu jana. Walijipanga mstari mmoja upana wa uwanja, wakawa wanakwenda nyuma hatua kwa hatua wakitwanga, wakiimba nyimbo zile za kinuni ambazo mwanamume akipita wao huzipunguza sauti. Safari hii hawakupunguza. Niliangalia pembeni.

Erasmo akafika na mchi begani. Saida akalipuka.

"Ee jamani! Erasmo kashika mchi! Nani kamwoa?"

"Wewe, mtani," akajibu, "ila mahari nimeikataa."

"Mahari gani? Wewe wa kutolewa bure, na nauli juu."

Walicheka hadi mmoja akakaa chini kwenye tope. Erasmo hakucheka. Aliingia kwenye mstari, mwisho kabisa, upande ule wa mti, akatwanga mpaka adhuhuri. Baadaye Antonia aliniambia kwamba mchi ule ulikuwa wa mama yenu.

Ijumaa, 29 Novemba

Sakafu inakauka. Nyufa mbili, tumezisiriba. Joto kali, na mawingu yanasimama jioni kwa jioni. Silali vizuri.

Jumatatu, 2 Desemba

Asubuhi nimeamka nikakuta uwanja wote umejaa korosho. Si kidogo, ukuta hadi ukuta ningesema, kama uwanja ungekuwa na kuta. Antonia alikuwa katikati anazitandaza kwa mguu, anaimba.

"Shemeji, mahali pa hivi hatujawahi kupata! Panakauka kama sahani."

Saida akatokea kwa nyuma na beseni lake la vitumbua kichwani. "Mama, huo ni uwanja wa michezo."

"Unacheza sasa hivi?"

"Sasa hivi nauza vitumbua."

"Basi uza. Nyie chezeni jioni, korosho zichezee jua."

Waligombana mpaka vitumbua vikapoa. Nilipata nguvu ya kucheka, kisha nikawaamulia: korosho hadi saa tisa, mpira baada ya hapo, na anayeanika ndiye anayefagia. Antonia alikubali haraka mno, nadhani alitaka kusema hivyo tangu mwanzo. Nakumbuka nilikuwa namhesabu kama mtu wa maneno mengi. Leo nimemwona alipomaliza kukusanya: aliinama akaokota hata vipande vya maganda, halafu akaenda kumwagilia kisiki maji ya kuoshea miguu.

Alhamisi, 5 Desemba

Nguzo zimesimama. Pete moja imekaa mviringo, nyingine imebonyea kidogo kama yai. Alfani anasema mpira utazoea.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua.

Ilianza tukiwa kanisani, wakati wa mahubiri. Nilisikia bati zinapigwa nikasimama bila kujijua. Erasmo naye akasimama, benchi la mbele yangu. Padre alitutazama. Tulitoka tukakimbia, wazee wawili na viatu vya kanisani. Tulipofika, Saida na wenzake walikuwa wameshafika na majamvi, viroba, turubai la duka, hata kanga zao. Samia alikuwa amekaa juu ya turubai kwenye kona lisipeperuke, na mguu wake ule mbaya ameunyoosha.

Ilinyesha saa moja na nusu. Ilipokatika, nilifunua kidogo nikabonyeza kwa kidole gumba. Haukubonyea. Nikabonyeza mahali pengine, pale mlango wa jiko lako ulipokuwa. Pagumu kama jiwe.

Kona ya chini imechukuliwa na maji, ukubwa wa kitanda. Tutaiziba.

Jumatano, 11 Desemba

Tumeiziba. Homa kidogo. Jenipher amepiga simu mara tatu.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo wamecheza.

Mistari tuliichora kwa chokaa asubuhi. Watu walikuja wengi, hata vijana wa soka, wakakaa juu ya gogo la mkorosho wakijifanya wanapita. Saida aliniambia nilete filimbi yako. Nikamwambia sijui sheria. Akasema, "Mama Jeni alikuwa anazijua, na bado tulikuwa tunabishana naye. Wewe puliza, tutabishana na wewe."

Nikaipangusa, ilikuwa bado inanukia majani ya chai. Nikapuliza. Nilipuliza ovyo, nilisimamisha mchezo mara mbili bila sababu, na mara moja nilisahau kabisa kupuliza kwa kuwa nilikuwa namwangalia Samia anayehesabu mabao kwa kokwa za korosho pembeni. Pete iliyobonyea ilikataa mpira mara nne. Timu ya Saida ilifungwa. Alinifuata na kidole mpaka barazani akinilaumu, jasho linamtoka, na sikumbuki mara ya mwisho nilipolaumiwa hivyo kwa furaha.

Erasmo alibaki mwisho. Tulikaa. Aliniambia ukoo utakaa Januari, yeye atasema anachotaka kusema, lakini wajomba ni wengi na hawezi kuniahidi. Nikamwambia asiniahidi. Ahadi zangu mwenyewe zimenitosha. Wakisema nibaki, nitabaki nianze kufyatua matofali ya jiko, nimechelewa lakini nitalijenga. Wakisema nirudi Mitole, nitarudi na begi langu. Uwanja hauwezi kuwekwa kwenye begi, utabaki kwa wanao.

Kulipotulia nilichukua ufagio. Nilianza nyuma, kwenye mti. Machipukizi yamefika goti. Majani mekundu yameshakuwa ya kijani. Halafu nikafagia uwanja wote polepole, pale ulipokuwa unapikia, pale ulipokuwa unafikichia macho.

Nimechoka, Brigita. Daftari nalo limebaki kurasa chache. Mimi kila nikishika ufagio nitakukumbuka. Na wewe huko uliko, ukipata nafasi, unikumbuke.

Boni wako